Baba kaacha santuri 1,200 na mnunuzi katupa wiki moja, tuuze au tungoje?

"Habari za kazi mtaalamu. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Tanga, akaacha chumba kizima cha santuri, tumehesabu zinafika kama 1,200, nyingi ni zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande na nyingine ni zile nzito za zamani kabisa. Kaka mkubwa tumemchagua kwenye kikao awe msimamizi wa mirathi. Mama anataka chumba kitolewe vitu apangishe. Sasa kuna jamaa katoka Nairobi, kaangalia dakika ishirini, kasema anatoa milioni tatu kwa zote pamoja na ile fremu ya mlango wa nakshi tuliyoiegemeza uani, na katupa wiki moja. Binamu anasema tunaibiwa, ameona mtandaoni santuri moja ya Afrika dola elfu moja, tupeleke mnada Ulaya. Kaka anataka tuchukue hela yaishe. Mimi kila nikifungua boksi naona mwandiko wa baba, alikuwa anaandika tarehe na mahali aliponunua juu ya kila karatasi, basi nalia nafunga. Hata pleya yake sijui kuiwasha. Hiyo bei ni halali? Mnada unafaa? Na mbona nashindwa kuachia vitu ambavyo hata sivitumii?"

Pole sana dada yangu, Mungu amrehemu mzee. Swali lako nimelisoma mara mbili, na naona mna maswali matatu yamefungwa kanga moja: hizi santuri ni mali ya nani, zina thamani gani, na kwanini mkono wako unakuwa mzito ukifika kwenye boksi. Kaka anajibu la pili, binamu naye anajibu la pili ila kwa sauti kubwa zaidi, na wewe umekwama kwenye la tatu, ndo maana mkikaa hamuelewani.

Kabla ya yote hiyo wiki moja isahau. Mimi kazi yangu ni kuthamini na kununua vitu vya zamani, kwahiyo nakwambia siri ya ndani: muda mfupi tunautoa pale tunapojua mwenye mali akipata nafasi ya kuuliza mtu wa pili bei itapanda. Santuri iliyokaa chumbani tangu 1972 haitaoza ifikapo Jumatatu. Mjibu kwa upole kwamba mali iko kwenye mirathi, taratibu zikiisha mtamtafuta, na uone kama atasusa. Hatasusa.

Na hiyo ya mirathi wala si kisingizio, ni kweli. Umesema kaka "tumemchagua kwenye kikao", hapo ndo watu wengi wanapojikwaa. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu, muhtasari wake mnaupeleka mahakama ya mwanzo, mahakama inatangaza, pingamizi likikosekana ndo inamteua. Kabla ya hapo kaka hana mamlaka ya kuuza hata kijiko, na akiuza leo mrithi yeyote anaweza kuja kumdai kesho. Akishateuliwa ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, ile fomu namba tano, na santuri zinaingia humo kama linavyoingia shamba au baiskeli. Madeni ya mzee yanatoka kwanza, kinachobaki ndo chenu. Kama mnagawana Kiislamu na mama ndiye mjane pekee basi ana thumni yake, yaani kwenye milioni tatu anapata laki tatu na elfu sabini na tano, na ninyi watoto mnagawana inayobaki, wa kiume mafungu mawili wa kike moja. Pigeni hesabu kwa idadi yenu mtaona hiyo "hela yaishe" ya kaka inaishia kwenye nauli na vocha.

Jambo moja zuri hapo ambalo watu hawalijui. Mrithi anaweza kuchukua kitu fulani kikathaminiwa na kukatwa kwenye fungu lake, wote wakiridhia na ikaandikwa. Kwahiyo kama kuna boksi unalitaka wewe, halihitaji kutoroshwa usiku.

Fremu ya mlango itoe kabisa kwenye hayo mazungumzo. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa nakshi kabla ya 1940, na haitoki nchini bila kibali. Kenya nao wana sheria yao inayofanana na hiyo. Mtu anayeijumuisha fremu kwenye bei ya santuri kama nyongeza ya mwisho vile, kama mkungu wa ndizi, ama hajui anachofanya ama anajua sana. Pigeni picha, ulizeni ofisi ya malikale, alafu iondoeni uani mvua isiimalize.

Haya sasa hela. Milioni tatu ukigawa kwa 1,200 ni shilingi 2,500 kila santuri. Ni wizi? Kusema ukweli siwezi kusema ni wizi bila kuziona, na yeye kwa dakika ishirini hakuziona pia, alichofanya ni kubahatisha. Nikueleze hesabu ya kichwani mwake. Anajua kwenye mzigo kama huo santuri zitakazomlipa ni chache, labda boksi moja au mawili, na zilizobaki atazibeba, atazisafisha, atalipia stoo, zingine zitamvunjikia njiani, zingine hatapata mtu wa kuzichukua hata bure. Bei yake ya jumla ni bei ya hayo maboksi mawili ikatandazwa juu ya yote. Mimi pia nimeshanunua hivyo, kuna mzigo nilinunua nyumba moja nikarudi nacheka barabara nzima, kufungua nyumbani theluthi nzima ni Jim Reeves. Jim Reeves jamani. Sijui wazee wetu walipewa nini na yule Mmarekani, hakuna sebule ya Afrika Mashariki ambayo nyimbo zake zilikosa, na ndo hivyo hivyo hakuna anayemnunua, maana kila mtu anaye.

Hapo ndo penye kosa kubwa la binamu na la watu wengi: wanadhani uzee ndio thamani. Kinachopandisha bei ni uchache, halafu wawepo watu wanaoitafuta, halafu iwe nzima. Vikikosekana viwili kati ya hivyo una sahani nyeusi tu. Wimbo uliopendwa sana na kuuzwa sana, kama Shida ya Mbaraka Mwinshehe, ulichapwa nyingi, kwahiyo bado zimejaa. Lakini bendi ndogo ya mkoani iliyoenda Nairobi mara moja ikarekodi nyimbo mbili, zikachapwa chache zikaisha kwenye mabaa, hiyo sasa mtu wa Berlin au Tokyo anakesha akiitafuta.

Na mzee wako alikuwa Tanga, mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star yenye mwimbaji Shakila. Hapo masikio yangu yamesimama. Kumbuka Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, ilikuwa inarekodi bendi kwenye tepu zake za redioni, na aliyetaka santuri alipanda basi kwenda Kenya. Mombasa kulikuwa na duka la Assanand lenye lebo yake ya Mzuri, walirekodi taarabu nyingi sana ya pwani. Alafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983, na santuri za Nairobi zikawa hazivuki kirahisi. Kwahiyo zile tarehe za baba zinazokuliza, kwa mtu wa kazi yangu ni ushahidi. Karatasi iliyoandikwa "Mombasa, 1975" inaeleza santuri ilitoka wapi na ilifikaje, na hiyo habari huwezi kuipata kwenye lebo. Msizitupe hizo karatasi hata zikichanika, na msizibadilishe na kava mpya za duka.

Zile nzito ni za mizunguko 78 kwa dakika. Hizo ziko za aina ya zile alizorekodi Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928, zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu, ukiiangusha inavunjika kama sahani ya udongo. Zishike kwa mikono miwili, zisimamishe wima kama vitabu, msizirundike, na wala msizifute kwa spiriti, spiriti inayeyusha sheleki na santuri inaharibika mbele ya macho yako huku unadhani unaisafisha. Maji safi kidogo sana na kitambaa laini, lebo isiguswe na maji, basi. Na sindano ya kawaida ya pleya ya baba usiiweke juu yake, mfereji wa 78 ni mpana zaidi, unataka sindano yake.

Kuhusu hiyo dola elfu moja ya binamu, muulize: ilikuwa bei iliyoandikwa au bei iliyolipwa? Mtandaoni mtu anaweza kuandika bei anayoota. Ingia Discogs, tovuti ya watu wanaouziana santuri, tafuta santuri kwa namba iliyo kwenye lebo, na uangalie historia ya mauzo, pale wanaonyesha zilizouzwa kweli, ya chini, ya kati na ya juu. Alafu tofauti kati ya ya chini na ya juu mara nyingi ni hali yake. Santuri iliyopigwa harusini na vumbi la uani na sindano butu, hata iwe adimu vipi, mnunuzi ataisikia inakaanga samaki.

Mnada sasa. Huku kwetu ukitaja mnada mtu anafikiria dalali wa mahakama na kochi la jirani linatolewa nje watu wakiangalia, kwahiyo naelewa mama kama atanuna. Lakini mnada wa vitu vya mkusanyiko ni kitu kingine, na unafanya kazi kwa kanuni moja: lazima wawepo watu wawili wanaokitaka kitu kile kile siku ile ile. Mmoja tu hatoshi, atachukua kwa bei ya kuanzia huku akipiga miayo. Ndo maana mnada wa mtandaoni kama eBay unafaa kwa zile santuri adimu chache, kwa sababu hao watu wawili mmoja yuko Japani mwingine yuko Uholanzi na wanakutania pale. Kwa santuri za kawaida mnada ni njia ya kuziuza kwa hasara kwa haraka. Nyumba kubwa za mnada za London hizo msizifikirie, zinachukua kamisheni kwa muuzaji, zinamkata na mnunuzi, mara nyingi zaidi ya asilimia 20 juu ya bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho iliyotajwa mnadani, na mzigo wa santuri za pwani hauwashtui hata kidogo, bado hamjalipa ndege na bima.

Labda mmesikia habari za vitu vya Freddie Mercury, yule mzaliwa wa Unguja. Alifariki 1991 akamwachia nyumba na vyote vilivyomo rafiki yake Mary Austin, akakaa navyo zaidi ya miaka 30 ndo akaviuza Sotheby's London, Septemba 2023. Kulikuwa na kichana kidogo cha fedha cha kuchania masharubu, wakakikadiria pauni 400 hadi 600, kikaenda pauni 152,400. Kichana! Watu wakiona hivyo wanasema kumbe vitu vya marehemu vina hela. Kilicholipiwa pale ni masharubu. Kichana cha baba yako, na herufi zake juu ya karatasi, vina masharubu kwa watu wachache tu duniani na wote wamekaa kwenye hicho kikao chenu. Mgeni hatayalipia, na wala si kwamba anamdharau mzee, hakumjua tu.

Hapo tumefika kwenye lile swali lako la mwisho, ambalo naona ndo kubwa. Unashindwa kuachia kwa sababu akili ya binadamu imeumbwa hivyo, wala hujarogwa. Kuna jaribio maarufu la 1990, mwanasaikolojia Kahneman na wenzake waliwapa wanafunzi vikombe vya kawaida, nusu yao wakapewa nusu hawakupewa, alafu wakawauliza bei. Waliopewa, dakika chache tu tangu wavishike, walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Hicho ni kikombe cha dakika chache. Wewe una vitu ambavyo baba alivishika miaka 40, umekua ukiambiwa "usiguse", na kila kimoja kina mwandiko wake. Kuuza kwako kunakuwa kama kumzika mara ya pili na safari hii jembe unashika wewe. Kaka naye haraka yake usidhani ni roho ngumu. Nimewaona wengi, wapo wanaoshindwa kufungua boksi na wapo wanaotaka boksi liondoke wasilione, na wote wanakimbia kitu kile kile.

Ninachowashauri familia ni hiki, na nimeona kinafanya kazi. Chukua simu, piga picha kila karatasi yenye mwandiko pamoja na lebo zote mbili. Watafiti wa Penn State waliwahi kujaribu hosteli za wanafunzi, waliohimizwa kupiga picha vitu vyao vya kumbukumbu kabla ya kuvitoa sadaka walitoa vitu 613, wenzao ambao hawakuambiwa habari ya picha 533. Tofauti si ya kustaajabisha, sitaki nikutie chumvi, ila ipo. Na kwenu picha zinafanya kazi mbili kwa mpigo, kwa sababu hizo hizo ndo orodha ya mali ya kaka, na ndo hizo mtamtumia mthamini. Msifanye siku moja. Boksi moja kila jioni, watu wawili, mmoja anapiga picha mmoja anaandika, na mama akitaka kukaa akae. Chumba chake kwa kweli kinaweza kutolewa hata kesho, hamishieni maboksi penye kivuli pasipo na unyevu, mbali na dirisha la bahari, mpangaji aingie. Kutoa chumba na kuuza santuri ni mambo mawili, mmeyafanya moja ndo maana kuna presha.

Mkimaliza picha mtagundua wenyewe kwamba zimejigawa. Kuna chache mno ambazo hazitauzwa, hizo mzipigie hesabu kwenye mafungu yenu kama nilivyosema. Kuna chache nyingine ambazo mthamini atawaambia ziende moja moja, kwa mnada au Discogs, hizo zinataka subira ya miezi na mtu anayejua kufungasha na kuandika hali yake bila kudanganya, na kamisheni yake mkubaliane mapema kwenye maandishi. Zilizobaki ndo mumwite yule jamaa wa Nairobi na wengine wawili waje siku tofauti wataje bei. Hapo milioni moja kwa mabaki inaweza ikawa bei nzuri kuliko milioni tatu kwa zote. Au mfikirie kutoa baadhi, Ketebul Music kule Nairobi wamefanya kazi kubwa ya kuhifadhi muziki wa zamani, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA, ila ulizeni kwanza wanahitaji nini, maana kupeleka mzigo mtu hajauomba ni kumhamishia stoo yako.

Ah, na kumiliki santuri si kumiliki wimbo. Rekodini nakala za kusikiliza nyumbani, lakini kuzipandisha YouTube mkategemea hela ni habari ya hakimiliki, waulizeni COSOTA kabla kijana wa nyumbani hajazipandisha.

Mtu wa kukaa naye ana kwa ana mtamhitaji sehemu mbili. Ndugu wakianza kutofautiana kwa hasira, au ikitokea mrithi mwingine hamkumtarajia, nendeni kwa wakili au msaada wa kisheria kabla hamjauza chochote, mimi hapo siwezi kuwasaidia kwa meseji. Ya pili ni wewe. Kulia ukiona mwandiko wa baba mwaka mmoja baadaye ni kawaida kabisa, usimruhusu mtu akwambie vinginevyo. Lakini kama hulali, kama huli, kama umeacha kazi zako na siku zinazidi kuwa nzito badala ya kupungua, au ukaona umeanza kuzuia hata magazeti na chupa tupu za mzee mpaka watu wanakosa pa kupita, muone daktari akuunganishe na mshauri. Hilo la kushindwa kutupa kabisa lina jina kwa madaktari na lina matibabu, si ulafi wala ushamba.

Anza na boksi lolote la zile ndogo, nitumie picha za lebo kumi tu, pande zote mbili, na ile sehemu laini karibu na lebo isiyo na mistari, kuna herufi na namba zimekwaruzwa pale, ziinamishie taa zionekane. Kwa hizo kumi nitajua mzee alikuwa ananunua kama watu wote au alikuwa na sikio lake. Na kama kuna moja ambayo mama akiisikia anaimbia jikoni, hiyo usinitumie.